Kuvurugika kwa usawazishaji wa picha katika mashine za gemu

Kuvurugika kwa usawazishaji wa picha ni hitilafu ya kioo cha mashine ya gemu ya video ambapo picha ipo na rangi zake zipo, lakini haitulii. Huenda ikapanda au kushuka bila kukoma, ikakatika vipande vya mshazari, ikapinda pembeni au ikatetemeka. Hitilafu hii huonekana hasa katika mashine za sarafu za miaka ya 1970 hadi 1990, zilizotumia kioo cha tyubu kama kile cha televisheni ya chogo. Chanzo chake ni kimoja: bodi ya gemu, inayotengeneza picha, na bodi ya kioo, inayoichora, zimeacha kwenda kwa mdundo mmoja.

Mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo, kama waya uliochomoka, lehemu iliyopasuka au kapasita iliyozeeka. Hata hivyo vioo vingi vimeharibiwa kabisa na watu waliozungusha kila kitufe na kubadilisha kila kipuri kabla ya kuitazama picha yenyewe. Viwanda vikubwa viliacha kutengeneza tyubu hizi, kwa hiyo kioo kikifa mara nyingi hakuna kipya cha kukiweka mahali pake. Ndiyo maana utaratibu wa kutafuta chanzo una uzito kuliko haraka ya kutengeneza.

Jinsi picha inavyochorwa

Ndani ya tyubu kuna mwali wa elektroni unaopiga uso wa kioo kwa ndani na kuufanya ung'ae. Mwali huo husukumwa na koili zilizofungwa shingoni mwa tyubu. Huanza juu kushoto, hukimbia kwenda kulia, hurudi upesi kushoto na kuanza mstari unaofuata chini kidogo, mithili ya jicho la mtu asomaye ukurasa. Ukifika chini hurudi juu na kuanza picha nyingine. Katika vioo vya kawaida vya gemu kazi hii hufanyika kwa takribani mistari 15,700 kila sekunde, na picha nzima huchorwa mara 60 hivi kwa sekunde. Kila mstari hupewa takribani maikrosekunde 64.

Kasi hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya gemu. Ni kasi ya televisheni ya Marekani na Japani, nchi ambako mashine nyingi zilibuniwa. Allan Alcorn alipounda mashine ya kwanza ya Pong kwa kampuni ya Atari mwaka 1972, kioo chake kilikuwa televisheni ya kawaida ya Hitachi iliyonunuliwa dukani. Televisheni za Afrika ya Mashariki zilifuata mfumo wa mistari 625 na picha 50 kwa sekunde, ambao ni mistari 15,625 kwa sekunde. Tofauti ni ndogo. Fundi aliyezoea kutengeneza televisheni za chogo anaifahamu tayari sehemu kubwa ya kazi hii.

Bodi ya kioo ina osileta mbili, yaani saketi mbili zinazopiga mapigo zenyewe. Moja hupiga mapigo ya mistari, nyingine mapigo ya picha. Hata gemu ikizimwa zinaendelea kupiga, kwa mwendo ulio karibu na unaotakiwa. Lakini karibu haitoshi. Mfano wake ni imla darasani: mwalimu anasoma na mwanafunzi anaandika. Mwanafunzi akianza mstari mpya kabla mwalimu hajamaliza sentensi, maneno yote yako daftarini lakini hakuna anayeweza kuyasoma. Kwa hiyo bodi ya gemu hutuma mapigo mafupi ya kusema “mstari mpya” na mengine ya kusema “picha mpya”. Haya ndiyo mapigo ya usawazishaji. Hayaziendeshi zile osileta. Huzivuta tu zishike mdundo.

Gemu ya Pac-Man, iliyotolewa na Namco mwaka 1980, inaonyesha hesabu hiyo vizuri. Bodi yake hutoa nukta za picha kwa mwendo wa 6,144,000 kwa sekunde. Kila mstari hutumia nafasi 384, hivyo mistari ni 16,000 kwa sekunde. Kila picha ina mistari 264, ambayo 224 kati yake huonekana na mingine hupita wakati mwali unarudi juu. Ukigawa 16,000 kwa 264 unapata picha 60.6 kwa sekunde. Namba hizi hazilingani kamili na za televisheni, na ndiyo maana vioo vya gemu vilipewa vitufe vya kurekebisha mdundo.

Aina za ishara za usawazishaji

Rangi nyekundu, kijani na samawati hupita kila moja katika waya wake. Usawazishaji nao una waya wake, lakini hapa watengenezaji hawakukubaliana. Bodi nyingine hutuma mapigo ya mistari na ya picha katika nyaya mbili tofauti. Nyingine huyachanganya katika waya mmoja, na bodi ya kioo huyatenganisha kwa kupima urefu: pigo fupi ni la mstari, pigo refu ni la picha. Tena kuna mapigo hasi, ambapo waya hukaa juu kwenye volti kadhaa na kushuka wakati wa pigo, na mapigo chanya, ambapo waya hukaa chini na kupanda.

Mwaka 1985 chama cha watengenezaji wa mashine za burudani cha Japani kilileta kiwango kiitwacho JAMMA, chenye kiunganishi cha pini 56, ili bodi ya gemu moja iweze kuchomolewa na nyingine kuchomekwa katika kabati lilelile. Katika kiwango hicho usawazishaji hupita kwenye pini moja, iliyo upande wa pili wa pini ya rangi ya samawati, na pini inayofuata ni ya ardhi ya picha. Mashine za kabla ya JAMMA kila moja ina mpangilio wake, na bila mchoro wa nyaya ni rahisi kukosea.

Gemu za kale kama Asteroids ya Atari (1979) haziingii katika habari hii. Kioo chake hakichori mistari ya kurudiarudia. Mwali huelekezwa moja kwa moja mahali pa kuchora, kama kalamu mkononi, na hakuna mapigo ya usawazishaji ya kupotea.

Kusoma hitilafu kwenye kioo

Kabla ya kushika chombo chochote, picha yenyewe husema mengi. Ikiwa picha ni kamili lakini inapanda au kushuka, mistari iko sawa na kasoro iko upande wa mapigo ya picha. Ikishuka, osileta ya picha inakwenda haraka kuliko gemu. Ikipanda, inakwenda polepole.

Ikiwa picha imekatika mapande ya mshazari yasiyosomeka, kasoro iko upande wa mapigo ya mistari. Hapa kuna hesabu nzuri ambayo wengi hawaitumii. Kila ukanda mweusi wa mshazari unaoonekana ni sawa na kukosea kwa mstari mmoja katika kila picha. Kama gemu hutoa picha 60 kwa sekunde, ukanda mmoja maana yake osileta ya mistari imekosea kwa Hezi 60, na kanda 5 maana yake imekosea kwa Hezi 300. Kanda zikiteremka kuelekea kulia, osileta ina kasi mno. Zikiteremka kuelekea kushoto, imechelewa. Mtu anayezungusha kitufe cha mistari huku akihesabu kanda zinavyopungua anajua kama anakaribia au anapotea.

Ikiwa picha inakatika mshazari na kuzunguka kwa pamoja, ni nadra osileta mbili kuharibika siku moja. Inafaa kushuku njia ya pamoja: waya wa usawazishaji, ardhi yake, au saketi inayotenganisha mapigo.

Lipo jambo moja linalowapotosha hata wazoefu. Katika Space Invaders, Pac-Man, Donkey Kong na gemu nyingine nyingi, kioo kimelazwa ubavu ndani ya kabati ili picha iwe ndefu kwenda juu. Katika mashine hizo mistari huchorwa wima machoni pa mchezaji. Picha inayokimbia kwenda pembeni, ambayo mtu angeidhani kasoro ya mistari, ni kasoro ya mapigo ya picha. Njia salama ni kuinamisha kichwa na kuitazama kama kioo kilivyosimama kiwandani, ndipo maelezo ya juu kuhusu kushuka na kuelekea kulia yatumike.

Hatari ya umeme

Uso wa ndani wa tyubu ya rangi ya inchi 19 hubeba volti 20,000 au zaidi, na tyubu huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Vilevile vioo vingi vya Marekani vilitengenezwa vitumike pamoja na transfoma ya kutenganisha umeme wa nyumba na bodi. Transfoma hiyo ikiondolewa au kuunganishwa vibaya, chuma kizima cha bodi ya kioo huweza kuwa na umeme wa ukutani. Kuchomeka kioo cha namna hiyo moja kwa moja kwenye soketi ili kukijaribu mezani ni hatari, na huweza kuua.

Uchunguzi mwingi unaoelezwa hapa chini, kama vile kukagua viunganishi na kupima nyaya za bodi ya gemu, hufanyika bila kugusa upande wa volti kubwa. Kazi inayobaki ni ya fundi aliyefundishwa kutoa chaji ya tyubu na kufanya kazi kwa mkono mmoja. Shingo ya tyubu nayo ni nyembamba. Ikigongwa na bisibisi huvunjika, na hapo kioo kimekwisha.

Bodi ya gemu au bodi ya kioo

Swali la kwanza la fundi ni upande upi una kosa. Penye mashine mbili zenye kioo na nyaya za aina moja jibu hupatikana kwa dakika chache: bodi ya gemu inayoshukiwa huunganishwa na kioo kizima. Picha ikivurugika huko pia, bodi ya kioo haina kosa.

Pasipo mashine ya pili, mita ya kawaida hutoa dokezo. Ikiwekwa kwenye volti za umeme mnyoofu kati ya waya wa usawazishaji na ardhi ya picha, mita haiwezi kufuata mapigo, bali huonyesha wastani. Mapigo hasi huchukua sehemu ndogo tu ya muda, kwa hiyo waya hukaa juu muda mwingi na mita husoma volti kadhaa. Mapigo chanya husomeka chini, mara nyingi pungufu ya volti 1. Mita ikisoma sifuri kamili, au volti 5 kamili bila kupungua hata kidogo, huenda hakuna mapigo yoyote na chipu ya mwisho kwenye bodi ya gemu imekufa. Osiloskopu huondoa shaka, lakini si kila karakana inayo.

Inafaa pia kupima umeme wa volti 5 unaolisha bodi ya gemu, na upimwe kwenye bodi yenyewe wala si kwenye kisanduku cha umeme. Pini zilizoungua hula sehemu ya volti njiani. Bodi inayopata volti 4.6 huweza kucheza muziki na kuonyesha rangi huku mapigo yake yakiwa dhaifu.

Jaribio la kitufe cha mdundo

Bodi nyingi za kioo zina vitufe vidogo vya kuzungusha vilivyoandikwa H. HOLD kwa mistari na V. HOLD kwa picha. Kabla ya kugusa chochote, mahali pa kila kitufe pawekewe alama kwa kalamu. Ni jambo dogo, lakini karibu kila kioo kilichofika kwa fundi kikiwa na makosa matatu kilianza na kosa moja na mtu asiyeweka alama.

Kitufe huzungushwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine huku picha ikitazamwa. Iwapo picha inaweza kusimama kwa nukta moja kisha ikateleza tena, osileta ni nzima na inaweza kufikia mdundo unaotakiwa; kinachokosekana ni mapigo ya kuishika. Utafutaji uelekee kwenye waya, kiunganishi na saketi ya kutenganisha. Iwapo haisimami hata kwa nukta moja, na kitufe kimefika mwisho, osileta yenyewe imehama. Hapo hushukiwa kapasita na rezista zinazopanga mwendo wake, au kitufe chenyewe kama kimeingia uchafu. Jaribio hili moja hugawa kazi katikati, na halihitaji kifaa chochote zaidi ya bisibisi ya plastiki.

Picha ikishika, kitufe kisiachwe pale iliposhika kwanza. Hutafutwa ncha mbili ambapo picha huachia, kisha kitufe huwekwa katikati yake. Kosa la kawaida ni kutumia kitufe cha mdundo kusogeza picha iliyokaa pembeni. Kweli picha husogea kidogo, lakini osileta huachwa ukingoni mwa uwezo wake, na mashine ikipata joto jioni picha hukatika. Bodi nyingi zina kitufe kingine au kiunganishi cha kusogeza picha, na hicho ndicho cha kutumika.

Waya, lehemu na kapasita

Sehemu inayoharibika mara nyingi ni ile inayoshikwashikwa. Pini za kiunganishi cha picha hutikiswa kila kinapochomolewa, na lehemu chini yake hupasuka kwa duara jembamba ambalo huonekana vizuri zaidi kwa kioo cha kukuzia. Dalili yake ni picha inayotulia kabati likipigwa ngumi. Dawa ni kuondoa lehemu ya zamani na kulehemu upya. Ardhi ya picha ikikatika, mapigo hutafuta njia nyingine ya kurudi kupitia ardhi ya umeme, na picha hupinda au kuchanika juu hata kama waya wa usawazishaji ni mzima. Wengi huukagua waya wa kwenda na kuusahau wa kurudi.

Kapasita za majimaji hukauka kadiri miaka inavyopita, hasa zilizo karibu na sehemu za moto. Dalili yake ni picha inayoanza ikiwa imevurugika na kutulia baada ya dakika chache za kupata joto. Kinyume chake, picha iliyo nzuri asubuhi na kuharibika baadaye huelekeza kwenye lehemu iliyopasuka, transista au chipu iliyochoka. Pindo linalotembea taratibu juu ya picha kama wimbi hutokana na kapasita kubwa ya kuchuja umeme. Mikondo ya umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde na Pac-Man huchora mara 60.6, hivyo wimbi hilo hupita polepole, zaidi kidogo ya mara moja kila sekunde mbili. Picha ikipinda pale tu gemu inapojaza weupe kwenye kioo, umeme wa bodi ya kioo unashuka kwa mzigo, na kuupima kwafaa kuliko kuhangaika na vitufe.

Kwa vioo maarufu kama Electrohome G07 na Wells-Gardner K4600 huuzwa mifuko yenye kapasita zote za kubadilisha kwa pamoja. Kubadilisha zote ni kazi njema kwa kioo kilichopita miaka 30, lakini si njia ya kutafuta kosa. Kapasita 20 zina miguu 40 ya kulehemu, na moja ikigeuzwa chanya kwa hasi huleta kosa jipya juu ya la zamani. Kosa litafutwe kwanza.

Masafa na ishara zisizolingana

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika. Bodi na kioo havikuumbwa kuishi pamoja. Mortal Kombat ya mwaka 1992 huchora picha 54.7 kwa sekunde. Kioo kilichorekebishwa kwa picha 60 huweza kuiangusha zaidi ya mara 5 kila sekunde, mpaka kitufe cha picha kirudishwe nyuma. Vivyo hivyo bodi yenye mapigo chanya ikiunganishwa na kioo kinachotaka hasi, picha huhama au kuchanika. Baadhi ya bodi za kioo zina pini tofauti kwa kila aina. Kwa nyingine mapigo hugeuzwa kwa chipu ndogo. Chipu ya 7486 hutumika pia kuunganisha mapigo ya mistari na ya picha yawe katika waya mmoja, na chipu ya LM1881 hutoa mapigo kutoka katika ishara ya picha ya televisheni.

Hali ya kuogopwa zaidi ni kuchanganya vizazi. Kioo cha kawaida hutaka kilohezi 15.7 hivi. Paperboy ya Atari (1985) hutumia kioo cha daraja la kati cha takribani kilohezi 25, na kompyuta za kawaida hutoa kilohezi 31.5. Kioo cha kawaida kikilishwa mapigo ya kompyuta huonyesha picha mbili zilizobanana au kanda nyingi, na kikiachwa hivyo, transista inayosukuma mistari na transfoma ya volti kubwa, ambayo mafundi huiita flaibaki, huweza kuungua. Sauti kali na nyembamba isiyokuwapo awali ni ishara ya kuzima mara moja.

Siku hizi wamiliki wengine huondoa tyubu na kuweka skrini bapa. Skrini hizo hazizungushi wala kukata picha. Ishara isipolingana huandika tu kwamba iko nje ya kiwango au hubaki nyeusi. Nyingi hazikubali kilohezi 15, hivyo huhitaji bodi ya kubadilisha masafa katikati. Bodi hiyo nayo husoma mapigo yaleyale kwa waya uleule, kwa hiyo lehemu iliyopasuka kwenye kiunganishi haiponi kwa kununua skrini mpya.